Akiba ya chakula: Gorogoro moja kwa wiki yaweza kuivusha familia

KATIKA eneo la Ukambani, kila njaa kubwa hupewa jina lake ili vizazi vijavyo visiisahau. Ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maneno yanayomaanisha kwamba mtu anakufa ilhali ameshika kitu mkononi. Kitu chenyewe kilikuwa pesa. Watu walikuwa na noti, lakini hakukuwa na nafaka ya kununua, na wengi wakaja kuvushwa na mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo.

Tangu wakati huo hali hiyo imejirudia mara kadha kwa sura tofauti. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilipofunga barabara, kuna mitaa ya Nairobi, Kisumu na Eldoret ambako maduka hayakufunguliwa kwa siku kadha na bei ya unga, maziwa na mboga ikapanda ghafla. Machi 27, 2020, kafyu ilianza kote nchini kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na siku chache baadaye watu wakapigwa marufuku kuingia au kutoka jijini Nairobi. Maelfu ya vibarua wanaolipwa kwa siku walijikuta bila kazi na bila chakula cha kesho.

Kufikia Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita Sh200, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku iliyoishusha hadi Sh100 kwa majuma machache tu. Aprili na Mei 2024 ikawa zamu ya mafuriko, yaliyosomba nyumba katika mitaa ya mabanda kandokando ya mito ya Nairobi, na kukata barabara katika sehemu nyingi za nchi.

Serikali ina akiba yake ya nafaka katika maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB). Hata hivyo, gunia lililo Eldoret halimfai mama aliye Mukuru ambaye mlango wake umezungukwa na maji. Siku tatu za kwanza za dhiki yoyote ile, aghalabu familia hula kile kilichomo ndani ya nyumba.

Ushauri wa kuweka akiba ya chakula hupokewa na wengi kwa kicheko cha uchungu. Mtu asiye na uhakika wa mlo wa jioni ataweka nini? Na mpangaji wa chumba cha futi kumi kwa kumi ataliweka wapi gunia? Maswali haya ni ya haki, na ndiyo sababu mashauri yanayoanza na gunia hayamfikishi mtu popote. Penye nafasi ya kuanzia ni katika kipimo ambacho kila mnunuzi wa sokoni anakijua: gorogoro, yaani ule mkebe wa kilo mbili.

Gharama ya 'kadogo'

Katika mitaa ya walalahoi, karibu kila kitu hununuliwa kwa vipimo vidogo. Mafuta ya kupikia ya Sh20, sukari ya Sh10, mkaa wa mkebe, unga wa nusu kilo. Biashara hii ya 'kadogo' imewaauni wengi kwa sababu inalingana na mapato ya siku, na si busara kuibeza. Ila ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba maskini ndiye hulipa bei ya juu zaidi kwa kila kilo. Anayenunua mkaa kwa mkebe kila jioni hutumia pesa nyingi zaidi kufikia mwisho wa mwezi kuliko jirani aliyenunua gunia zima.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ya akiba ni kuchagua bidhaa moja tu ambayo familia huinunua kila siku kwa kadogo, na kujitahidi kuinunua kwa kipimo cha juu kidogo. Chumvi hufaa sana kwa kuanzia kwa vile ni rahisi na haiharibiki ikiwekwa pakavu. Baada ya chumvi huja sukari, kisha sabuni, kisha mafuta. Pesa chache zinazookolewa kwa njia hii ndizo hununua gorogoro ya kwanza ya ziada. Ni mwendo wa kobe, na wiki nyingine hautasonga kabisa, hasa shule zinapofunguliwa.

Baadhi ya vyama vya akina mama vimegundua njia ya mkato. Badala ya kumpa mwanachama fedha taslimu zamu yake inapofika, hununua bidhaa kwa bei ya jumla na kugawana: unga, mchele, mafuta, sukari. Vingine hukusanya pesa mwaka mzima na kununua gunia la mahindi au maharagwe kwa pamoja wakati wa mavuno. Fedha huweza kuazimwa na mume, shemeji au mgonjwa wa ghafla. Mchele ni vigumu zaidi kuazimwa.

Hesabu ya gorogoro

Inakadiriwa kuwa Mkenya mmoja hula takriban gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Familia ya watu watano, kwa hesabu hiyo, huhitaji magunia matano, yaani kilo 450. Ukigawanya kwa majuma 52 utapata kilo kama 8.7 kwa wiki, au zaidi kidogo ya gorogoro nne. Mahitaji ya mwezi mmoja ni kilo 37 hivi, ambazo ni gorogoro 19.

Familia inayoongeza gorogoro moja tu juu ya manunuzi yake ya kawaida kila wiki itakuwa na chakula cha siku tatu au nne mwishoni mwa wiki ya pili, cha wiki nzima baada ya mwezi mmoja na siku chache, na cha mwezi mzima baada ya miezi minne na nusu. Ikiongeza gorogoro moja ya maharagwe au ndengu kila mwezi, itakuwa pia na kitoweo cha kutosha kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho. Wenye kipato cha chini zaidi wanaweza kuchukua nusu gorogoro na kujipa miezi tisa. Kinachohitajika ni akiba yenyewe isiguswe kwa sababu ya uvivu wa kwenda dukani.

Wakati wa kununua ni jambo la kuzingatiwa sana. Katika kaunti za Trans Nzoia, Uasin Gishu na maeneo jirani, ambako mahindi mengi ya nchi hutoka, mavuno makuu huwa kati ya Oktoba na Desemba, na mara nyingine huendelea hadi Januari. Hapo ndipo bei hushuka kote nchini. Kuanzia Mei hadi Julai, maghala yanapokuwa yameanza kukauka, bei hupanda. Sehemu nyingi za Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli na huvuna Februari na Machi, kwa hivyo anayeishi Machakos au Kitui ana msimu wake wa pili wa bei nafuu.

Cha kusikitisha ni kwamba hata mkulima mwenyewe hunaswa na mzunguko huu. Mwezi wa Novemba huuza karibu mahindi yote ili apate karo ya Januari na kulipa madeni ya mbolea. Ifikapo Juni, huenda sokoni kununua mahindi yale yale kwa bei ghali. Familia ya kijijini inayofaulu kuzuia magunia mawili tu yasiuzwe mapema huwa imejipunguzia gharama kubwa zaidi kuliko ile inayoweza kupatikana kwa mkopo wowote.

Mahindi yanapogeuka sumu

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mahindi, msemo huo una sharti: yawe makavu. Katika mwaka wa 2004, wilaya za Makueni na Kitui, pamoja na maeneo mengine ya uliokuwa Mkoa wa Mashariki, zilikumbwa na mojawapo ya visa vibaya zaidi vya sumu ya aflatoksini kuwahi kurekodiwa duniani. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Walianza kwa kuumwa na tumbo na kutapika, macho yakageuka manjano, matumbo yakafura, ini likafa.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wengi wa walioathiriwa walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, na wala si ya dukani pekee. Kulikuwa na uhaba wa chakula, na kwa kuhofia wezi, baadhi ya familia zilivuna mahindi kabla hayajakauka na kuyahifadhi ndani ya nyumba za kulala badala ya maghala ya nje yanayopitisha hewa. Kwa maneno mengine, watu hawa walikuwa wakifanya lile hasa ambalo makala haya yanalizungumzia, yaani kujiwekea akiba kwa ajili ya siku mbaya. Akiba yenyewe ndiyo iliyowaua.

Aflatoksini hutokana na kuvu inayomea kwenye nafaka yenye unyevu na joto. Hupatikana pia katika njugu karanga. Sumu hii haina harufu wala ladha, na kuichemsha au kuikaanga hakuiondoi. Kuchagua na kutupa punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kuvunjika hupunguza hatari, lakini punje inayoonekana safi yaweza pia kuwa na sumu. Mahindi yaliyovunda hayafai kulishwa kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu humrudia binadamu kupitia maziwa. Kadhalika, hayafai kuuziwa wapikaji wa pombe.

Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi ya kuhifadhiwa ni asilimia 13.5 au chini ya hapo. Mashine za kupimia zinapatikana katika vituo vya NCPB na kwa wafanyabiashara wakubwa, lakini mnunuzi wa gorogoro hana mashine. Wakulima wengi hutegemea kuitafuna punje na kusikiliza mlio wake, mbinu ambayo hutegemea sana meno ya mwenye kutafuna.

Ipo mbinu bora kidogo isiyohitaji ila chupa ya kioo na chumvi, vyote viwe vikavu kabisa. Punje hutiwa hadi thuluthi moja ya chupa, chumvi kiasi cha vijiko vichache huongezwa, chupa hufungwa na kutikiswa kwa dakika mbili au tatu, kisha huachwa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yangali mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, na siku moja au mbili zaidi za jua kali huyafikisha panapotakiwa.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka na kamwe si juu ya udongo, ambamo kuvu hiyo huishi. Yatandazwe yawe membamba, yageuzwe mara kwa mara, na yafunikwe au kuingizwa ndani jioni kabla ya umande. Mkazi wa ghorofa anayenunua gorogoro mbili anaweza kuyaanika kwenye ungo au sinia dirishani au juu ya paa kabla ya kuyafungia. Ni kazi ya kuchosha kwa kilo nne za mahindi, lakini anayenunua sokoni hana njia ya kujua mahindi hayo yalilala wapi.

Fukusi, dumuzi na panya

Adui wa pili ni wadudu. Fukusi wamejulikana tangu jadi. Dumuzi ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuvuka hadi Taveta mwaka wa 1983. Mdudu huyu hula mahindi, muhogo mkavu na hata mbao za ghala, na huacha vumbi jeupe badala ya punje. Katika sehemu kadha za nchi wakulima walimbandika jina la Osama.

Kinga rahisi zaidi ni kuwanyima wadudu hewa. Magunia maalumu yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, ambayo teknolojia yake ilibuniwa kwa ajili ya wakulima wa kunde nchini Cameroon kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, sasa huuzwa katika maduka mengi ya pembejeo nchini. Yanapofungwa kikamilifu, wadudu waliomo hutumia hewa yote iliyobaki na kufa, na hakuna haja ya dawa. Shida ni kwamba gunia hilo halifai kufunguliwa kila wiki, na panya wakilitoboa, kazi yote huharibika.

Kwa anayejaza kidogo kidogo, vyombo vidogo ndivyo bora. Mtungi wa plastiki wa lita tano uliokuwa na mafuta ya kupikia, ukioshwa kwa sabuni na kukaushwa juani hadi usiwe na tone la maji, humeza karibu gorogoro mbili za mahindi. Ujazwe hadi shingoni, utikiswe ili punje zishikane, kisha ukazwe kifuniko. Hewa inayobaki ndani ni kidogo mno kwa mdudu kuishi. Chupa za soda za lita mbili hufanya kazi hiyo hiyo kwa ndengu na kunde. Mitungi kumi ya namna hii hutoshea chini ya kitanda, na mmoja ukifunguliwa tisa iliyobaki haiguswi. Chombo kilichowahi kuwa na dawa ya mifugo, ya shamba au mafuta ya taa kisitumiwe hata kikioshwa mara mia.

Jivu la kuni lililochungwa na kuchanganywa na maharagwe ni njia ya kale inayosaidia, na huoshwa kwa maji kabla ya kupika. Dawa za unga za kuhifadhia nafaka nazo zinafaa iwapo ni zile zilizoidhinishwa kwa nafaka na maagizo ya kibandiko yanafuatwa, hususan muda wa kusubiri kabla ya kula. Lakini vidonge vya gesi vinavyotumika katika maghala makubwa visiingizwe kamwe katika nyumba ya kulala watu. Gesi yake huua binadamu kama inavyoua fukusi, na watoto ndio hutangulia.

Jamii nyingi zilikuwa na majibu yao kwa matatizo haya muda mrefu kabla ya plastiki. Waluo walijenga dero na Wakikuyu ikũmbĩ, maghala yaliyoinuliwa kutoka ardhini. Katika jamii za Mijikenda, mahindi huwekwa kwenye uchaga juu ya jiko, na moshi wa kila siku huyakausha na kuwafukuza wadudu. Jikoni mwa gesi hakuna moshi, na pengine ndiyo sababu ujuzi huo unapotea miongoni mwa vijana waliohamia mijini.

Weka unachokula

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kununua vyakula ambavyo familia haivili kwa kawaida, eti kwa sababu vinadumu. Mikebe ya samaki na biskuti hukaa rafuni hadi muda wake unapita, kisha hutupwa. Akiba inayofaa ni ile inayoliwa na kujazwa tena, kilichoingia kwanza kikitoka kwanza. Tarehe iandikwe kwenye kila mtungi kwa kalamu ya wino mzito, na gorogoro mpya ikae nyuma ya ile ya zamani.

Muda wa kudumu hutofautiana sana. Mahindi makavu na mchele mweupe hukaa mwaka mmoja na zaidi. Unga uliosagwa kwa mashine ya mtaani bila kukobolewa huwa na kiini chenye mafuta, na baada ya wiki kadha huanza kuwa mchungu, kwa hivyo ni heri kuweka punje na kusaga kidogo kidogo. Umeme ukikatika na mashine ya kusaga isiweze kufanya kazi, punje huliwa kama githeri au muthokoi. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto huwa magumu na kumaliza mkaa, ilhali ndengu na kunde huiva upesi. Kuloweka maharagwe usiku kucha hupunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa.

Mafuta yanunuliwe katika chupa ndogo zilizofungwa na kuwekwa gizani. Omena waliokaushwa vizuri, ng'onda wa pwani, njugu zilizochaguliwa, na majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini huongeza ladha na lishe. Kaskazini mwa nchi, wafugaji hukatakata nyama, kuikausha na kuikaanga, kisha kuihifadhi ndani ya mafuta au samli. Nyirinyiri hiyo hukaa kwa miezi bila friji, na sasa huuzwa hadi Eastleigh. Nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa wa kisukari au mzee asiye na meno haina budi kumfikiria mtu huyo kwanza, kwa kuwa githeri haitamfaa.

Maji na moto

Mahindi bila maji hayapikiki. Mtu mmoja huhitaji angalau lita tatu au nne kwa siku za kunywa na kupika pekee. Familia ya watu watano, kwa siku tatu, huhitaji lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Mitungi yenye mdomo mwembamba na kifuniko ni salama kuliko ndoo wazi ambamo kila mtoto huchovya kikombe.

Maji nayo yana hadithi yake ya 2004. Mwaka huo huo wa mkasa wa Makueni, kisiwa cha Lamu kilikumbwa na homa ya chikungunya, na wataalamu waliochunguza walikadiria kuwa takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame. Wakazi walihifadhi maji nyumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wanaoeneza ugonjwa huo hupenda kutaga mayai katika maji safi yaliyotulia. Baadaye mwaka huo ugonjwa ukafika Mombasa. Kila chombo cha maji basi kifunikwe kikamilifu, kitumiwe na kujazwa upya kila wiki, na kuta zake zisuguliwe kabla ya kujazwa, maana mayai hung'ang'ania hapo.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kulingana na maagizo ya kibandiko. Penye uhaba wa kuni, maji yasiyo na matope huwekwa katika chupa za plastiki angavu na kulazwa juani kwa saa sita, au siku mbili iwapo kuna mawingu. Wakati wa mafuriko, visima na mabomba huchanganyika na maji taka, na kipindupindu hufuata. Mwenye kuharisha hupewa mchanganyiko wa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa, huku akitafutiwa huduma ya hospitali.

Kuhusu moto, debe la mkaa na mtungi mdogo wa gesi uliojaa hutosha kwa wengi. Jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Mafuta ya taa yawekwe mbali na chakula. Petroli isiwekwe ndani ya nyumba hata kidogo.

Kwa anayeishi bondeni au kandokando ya mto, iwe ni Budalang'i, Tana Delta au Mathare, akiba ya kilo 37 yaweza kusombwa kwa usiku mmoja. Huko, sehemu ya akiba iwekwe juu, darini au kwa jamaa anayeishi mlimani, na mfuko mmoja mwepesi uwe tayari karibu na mlango. Ndani yake kuwe na chakula kisichohitaji kupikwa, maji, tochi, redio ndogo, dawa za wanaotumia dawa kila siku, na nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki zilizofungwa kwenye karatasi ya plastiki. Waliokimbia makwao mwaka wa 2008 na 2024 wanajua ni miezi mingapi hupotea katika kutafuta cheti kilichopotea.

Linabaki suala la majirani. Katika ploti ambayo kuta ni za mabati, harufu ya maharagwe haifichiki, na familia moja inayopika ilhali nyingine tano zimelala njaa haitakula kwa amani. Haiwezi kulisha ploti nzima, wala haitaweza kukataa kila mtoto anayesimama mlangoni na sahani. Ni afadhali mtungi mmoja utengwe mapema kwa ajili hiyo na usihesabiwe katika zile gorogoro 19.